Mwendo wa Pale Kwenye Twiga

Juzi kwenye gereji moja ya Mikumi, dereva alimweleza fundi, mama mwenye gari akisikiliza, kwamba taa ya injini iliwaka ndani ya hifadhi. "Pale kwenye twiga. Nilikuwa natembea taratibu kabisa."

Fundi akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Mimi nilikuwa nasubiri gari langu, nikasogea nione.

"Sensa ya hewa inasumbua," akasema. "Na taa ikiwaka, kompyuta ya gari inatunza na mwendo wa muda ule. Ilikuwa mia na kumi."

"Kwenye twiga?" mama akauliza.

Dereva akakuna shingo. "Fundi, hiyo haifutiki?"

"Inafutika, kaka. Ila mama ameshasikia."

Kumbe ile taa ya njano haisemi habari za injini peke yake. Mama alinyoosha kiganja, dereva akamwekea ufunguo.