Fahali Wangu Rusilesi

Shule niliishia darasa la pili na sijutii. Mabati ya nyumba hii nimeyapata kwa ng'ombe, si kwa cheti. Lakini neno moja la Kiingereza ninalo, na maana yake naijua kuliko wajukuu zangu wote waliofika sekondari. Wao walilisoma. Mimi nililifuga.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Itiryo. Nyumba zimepangwa mstari, ng'ombe wa jirani akikohoa unadhani ni wako. Nilikuwa na fahali mmoja mwekundu, mkubwa kweli, nundu imelala upande. Ikatoka habari kwamba kamati ya kijiji inatafuta mafahali wa kuhasi, wawe maksai wa kukokota plau kwenye shamba la ujamaa. Fahali mkali ataachwa apande majike. Fahali mpole, koleo la kuhasi.

Wangu alikuwa mpole. Kuku walilala mgongoni mwake. Akikuona anakulamba, hata kama hamjuani. Sasa mwanaume wa Kikurya, zizi lake halina fahali, atajitapa kwa nini watu wakikaa na mirija yao kuzunguka chungu cha pombe? Kwa kuku?

Kwetu fahali hupewa jina la kutisha, na mwenyewe hulitaja akijitapa. Nikaona dawa ni jina. Lakini majina ya kutisha ya Kikurya yalikuwa yamekwisha. Jirani yangu alimwita wake Radi, na yule alikuwa na jicho moja. Nikamwendea mwalimu wa kisomo cha watu wazima.

"Mwalimu, nipe neno la Kiingereza la ukatili. Liwe zito."

"Unataka kumwambia nani?"

"Ng'ombe."

Akanitazama kidogo, kisha akashika chaki. Akasema yako mengi. Liko la mtu anayefurahia kumwumiza mwenzake. Liko la mtu wa mabavu, anapiga tu kama mnyama. Halafu akaandika ubaoni *ruthless*.

"Huyu hafurahii kukuumiza," akasema, "wala hana hasira na wewe. Anataka kitu chake tu. Ukiwa njiani, shauri yako."

"Hilo hilo."

"Lakini mura," akasema, ndiyo kijana kwa Kikurya, "halitumiki kwa ng'ombe. Ni la watu. Mfanyabiashara, jemadari."

"Ng'ombe wangu hajui hayo."

Mdomo wangu ulikubali kusema Rusilesi, basi akawa Rusilesi. Nililitangaza jina hilo mpaka kisimani, pamoja na maana yake. Akina mama wakaanza kutishia watoto nalo. Nikalala vizuri.

Kamati ikaja. Mbele mwenyekiti, makatambuga mapya ya tairi miguuni, nyuma bwana mifugo na koleo lake, na mwalimu akiwa mwandishi. Mwenyekiti alikuwa ametoka kugawa magadi, ile chumvi ya ng'ombe, na shati lake lilikuwa jeupe kwa vumbi la magadi.

"Ndiye huyu mkali?"

"Ndiye. Kaa mbali, ndugu mwenyekiti."

Rusilesi akaja polepole, macho kama ya bibi harusi, akamlamba mwenyekiti kifuani. Kamati ikacheka.

"Mura, huyu ni fahali au ni yaya?" mwenyekiti akasema. "Bwana mifugo, andaa koleo."

Nilijiona tayari kwenye pombe, nimenyamaza.

Kumbe kola ya shati ndiyo ilikuwa na magadi mengi. Ili aifikie vizuri, Rusilesi akasogea hatua moja, akaweka kwato juu ya mguu wa mwenyekiti. Akatulia hapo. Mwenyekiti akamsukuma, akalambwa shingo. Bwana mifugo akavuta mkia. Akampiga koleo la matakoni, fahali akahamisha mguu wa nyuma tu, akauweka juu ya mguu wa bwana mifugo. Hakukasirika hata kidogo. Aliendelea kulamba.

"Sasa naona," mwalimu akasema kwa mbali. "Hana hasira na nyinyi. Anataka magadi yake tu."

"Mwalimu, si wakati wa kisomo huu," mwenyekiti akasema, sauti imekuwa nyembamba.

"Vua shati," nikamwambia.

Akavua. Rusilesi akalichukua, akashuka miguuni mwao, akaondoka zake anatafuna, hana habari na mtu.

Mwenyekiti akakaa chini kifua wazi, akihesabu vidole vya miguu.

"Huyu plau hafai," akasema. "Utamwambia simama, atasimama juu ya mkulima mpaka jioni. Mwache hapo hapo. Mwalimu, andika."

"Niandike sababu gani?"

"Andika hilo neno lake."

Shati halikurudi. Ndama aliowazaa walikuwa walambaji wote, na kwenye pombe hakuna aliyejitapa kunizidi. Ila mpaka leo fahali akinijia na uso mzuri, kwanza naangalia miguu yangu iko wapi.