Skonzi za Jioni

Kukunja shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, wanalivuta mpaka linapiga mlio, halafu wanatembea kukutana katikati, pembe kwa pembe, kama watu wanaosalimiana. Katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, ambako mabomba yanapita darini na ukuta haukauki kwa mvuke, mke wa Hamira alikuwa ameifanya kazi hiyo zaidi ya nusu ya umri wake. Mwenzake wa shuka alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Kijiti. Zamani, walipokutana katikati, vidole vyao ndivyo vilivyogusana kwanza. Siku hizi tumbo la mke wa Hamira ndilo lililotangulia kufika.

"Leo umeniwahi tena, dada," Kijiti alizoea kusema, nao wakacheka wote wawili, maana utani wa Kijiti haukuwa na mwiba.

Wa wengine ulikuwa nao. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, na jina la Hamira alipewa na wenzake tangu ujana, kwa tabia yake ya kukaa kimya pembeni mpaka watu wakashtuka jambo limekwisha kuwa. Hata uchumba wao ulikwenda hivyo. Basi utani ulijitengeneza wenyewe: mke wa Hamira asipoumuka yeye, aumuke nani? Dereva wa gari la wagonjwa aliusema, mwenye duka la jirani aliusema, wifi yake aliusema sebuleni mbele ya wageni. Yeye alicheka pamoja nao. Alikuwa na kicheko maalumu cha shughuli hiyo, kifupi, cha puani, alichokitoa kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini ili apite.

Hakuwa hivyo siku zote. Mpaka binti yao alipofariki alikuwa mwanamke wa kawaida, mwenye haraka zake, anayepanda ngazi huku akiongea. Binti huyo alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa akijifunza ufundi wa umeme, na ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba: baba mkimya, mama mchovu, yeye katikati akiwafikishia maneno, mama amesema hivi, lakini ana maana ile. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua upesi, katika wodi ya ghorofa ya tatu, juu ya kichwa cha mama yake aliyekuwa chini akipiga mashuka pasi.

Kabla ya hapo, kazini walimwita kwa jina la mtoto, mama wa fulani, kama anavyoitwa mama yeyote. Baada ya mazishi waliliacha. Hakuna aliyeitisha kikao. Kila mmoja kwa wakati wake aliona vigumu kulitamka, na kwa huruma tupu wakamnyang'anya na hilo. Akabaki mke wa Hamira. Nyumbani tu ndiko walikoendelea kuitana mama na baba, ingawa hapakuwa tena na mtu wa tatu wa kuwaita hivyo.

Waokaji huanza alfajiri, kwa hiyo mumewe alitangulia kufika nyumbani. Kila jioni mke alimkuta ameketi kwenye meza ya jikoni, ameshaoga, na mbele yake sahani ya skonzi imefunikwa kwa kitambaa. Skonzi za maziwa, laini, juu zimepakwa sukari iliyoyeyuka. Kitambaa alikifunua mume mwenyewe. Akamtazama mkewe akila, bila neno, na ya mwisho ilipokwisha mabega yake yakashuka kidogo, akasimama kuosha sahani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yalikuwa yameendelea kwa miaka. Mke alikula akiwa na njaa, alikula akiwa ameshiba, alikula siku ambazo koo lilikataa. Kumkatalia mwanamume yule sahani ile aliona ni kama kumfungia mlango usoni.

Halafu wakaja watafiti. Mmoja wao alishuka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia, mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyolika kisigino, akaeleza kwamba wanatafuta watu waliofiwa au waliopatwa na jambo zito, na watu walionenepa kupita kiasi, kwa sababu mara nyingi wanakuta ni watu walewale na wanataka kujua kwa nini. Alipotaja afya ya akili, Kijiti alinong'ona kwamba kumbe wanatafuta wendawazimu, basi pale chini wangewapata bila kutoka jasho. Mke wa Hamira alijiandikisha kwa ajili ya magoti yake. Alisikia kwamba huko watu wanapimwa kila kitu bila kupanga foleni.

Wakampima. Daktari akamwambia sukari imeshabisha hodi, tena imeshaweka mguu ndani, na kwamba akiendelea hivi macho yake na miguu yake haitamfikisha uzeeni. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mashuka ya wodi ya wagonjwa wa sukari yalipita mikononi mwake kila siku.

Alitegemea mtafiti naye amuulize anakula nini. Hakuulizwa hilo. Aliulizwa mwili ulianza kubadilika lini, na wakati huo kulikuwa na nini maishani mwake. Ndipo alipojisikia akisimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba mchana ule walipomwambia mtoto amekwisha, alirudi chini, kwa sababu hakujua aende wapi. Mashuka ya ghorofa ya tatu yalikuwa yameshateremshwa, rundo zima, na mojawapo lilikuwa la mwanawe, na yote yalifanana. Akayafua yote kwa mkono, mashine ikiwa imesimama pembeni, Kijiti akimmiminia maji bila kuuliza kitu.

Akamweleza na sahani ya skonzi inayomsubiri kila jioni. Mtafiti akauliza, "Usipokula zile skonzi za jioni, mama, unadhani nini kitatokea?"

"Mume wangu atakwisha," akajibu, na jibu lenyewe likamshangaza.

Mtafiti hakumcheka. Alisema hata wao hawajui yote. Alisema mwili ulioshtuka sana hauambiliki kwa urahisi kwamba hatari imepita, kwamba usingizi na njaa hupotea njia, kwamba kwa watu wengine majonzi yanatoka kwa machozi na kwa wengine yanajenga nyumba mwilini, na hilo ndilo wanalolichunguza. Kumcheka mtu, alisema, hajaona bado kukimpunguza hata nusu kilo. Akamsihi azungumze na mumewe. Mke wa Hamira akaahidi, kwa wepesi wa mtu asiyekusudia.

Badala ya kusema, akaanza kuiba. Alidai jikoni kuna joto, akachukua sahani kwenda kukaa kizingitini kwa nyuma, na skonzi zikaingia kwenye begi lake la kazini. Asubuhi Kijiti alizila amejificha kando ya mtungi mkubwa wa kuchemshia maji, wala hakuongezeka hata uzito wa shati. "Mwili wangu ni gunia lenye tundu," alisema. "Wewe leta tu." Lakini mwisho wa wiki hapakuwa na Kijiti, na skonzi za siku hizo zilibaki ndani ya begi, zikakauka zikawa mawe.

Zipu ya begi lile ilikuwa imeharibika siku nyingi. Jumapili moja mchana, mke akiwa amelala, Hamira akalichukua kulitengeneza. Mke alipoamka alilikuta limening'inizwa msumarini, zipu inakwenda vizuri, ndani hamna kitu. Mumewe alikuwa uani, ameketi juu ya ndoo, anautazama ukuta. Hakusema neno jioni ile, wala asubuhi. Mke alikwenda kazini akiisubiri hasira yake kama mtu anayesubiri mvua ambayo ameshaliona wingu lake. Kutwa nzima shuka lilimponyoka mikononi, na Kijiti hakumtania hata mara moja.

Jioni alipofungua mlango, meza haikuonekana kwa vyakula. Kulikuwa na skonzi, mikate miwili mizima, keki, mayai ya kuchemsha, sufuria ya maziwa. Mumewe alikuwa amesimama, naye kila jioni humpokea ameketi.

"Kula, mama."

"Sina njaa, baba."

Akamega skonzi, akamnyooshea mpaka mdomoni kama unavyomlisha mtoto mchanga. 

"Nimeziona kwenye begi," akasema. "Umeanza tena."

"Nimeanza nini?"

"Kuacha kula. Kama wiki ile." Akaisogeza skonzi karibu zaidi. "Mama, usimfuate. Nakuomba."

Hapo tu ndipo alipoelewa kwamba alichokuwa akikisubiri kutwa nzima hakikuwa hasira. Akamketisha. Hamira akasimulia, taratibu, akirudi nyuma kila mara kuokota alichokiacha, habari za wiki ambayo mkewe mwenyewe hakuikumbuka vizuri. Baada ya mazishi mke alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Mashangazi walileta uji, uji ukapoa, wakaondoa, wakaleta mwingine. Wakaanza kuongea kwa sauti za chini jikoni, na Hamira akazisikia sauti hizo na kujua maana yake: wameshakata tamaa. Kwa kukosa la kufanya akaenda kazini, akarudi na skonzi moja ya moto ameificha ndani ya shati, ikimchoma kifua. Akamega, akamtilia mdomoni.

"Ukatafuna," akasema, kama mtu anayesimulia alivyoona bahari ikigawanyika. "Ulitafuna, mama. Tangu siku hiyo najua kitu kimoja tu. Ukila, upo."

Mke akaichukua ile skonzi mkononi mwa mumewe na kuiweka mezani. Kisha akamwambia habari za sukari, macho na miguu, na mtafiti mwenye viatu vilivyolika. "Nimeziacha ili nibaki, baba. Siyo ili niondoke."

Hamira aliitazama meza nzima, kitu kimoja baada ya kingine. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakuua."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakula. Nikimaliza sahani nakuona mabega yako yanashuka. Nikasema basi, kama hiki ndicho kinachomtuliza huyu mtu, nitakula. Ningekula hata matofali."

Wakatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja amemlinda mwenzake mpaka karibu wamalizane. Kidogo wacheke, ila haukuwa wakati wake. Maziwa yalikuwa yameshatanda utando juu.

"Sasa nikuletee nini?" Hamira akauliza.

Mke akazifunika skonzi kwa kitambaa. "Sijui. Njoo mikono mitupu, tuone."

Watu hupenda kusikia kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Jioni za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zote. Hamira hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliiweka mezani, akaishusha mapajani, akaificha mifukoni kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Mke naye, saa ileile ilipofika, alijiwa na njaa iliyozoea kupokewa, ikabisha, ikabisha tena, naye akaketi akiisikiliza huku machozi yanamlenga. Kwa siku kadhaa walikaa hivyo, meza tupu kati yao. Mara moja waligombana vikali kwa sababu ya bomba linalovuja. Mara nyingine Hamira alikwenda kulala jua halijazama. Mke alibaki jikoni na hofu mpya, kubwa kuliko ile ya sukari: kwamba huenda zile skonzi ndizo zilizokuwa ndoa yenyewe, na sasa ameiondoa mezani, na chini yake hamna kitu.

Alimwambia Kijiti. Kijiti, aliyekuwa bado anaomboleza kifungua kinywa chake, alisema wanaume wengine ni kama mashine ya zamani ya kufulia, ukiiwasha inakaa kimya mpaka unadhani imekufa, usiipige teke, iache. Kwa mtafiti alikwenda kila Alhamisi, akaketi na wengine waliojiandikisha katika chumba cha mazoezi ya viungo, akasikiliza. Mwili haukuondoka kwa kuambiwa. Sukari ilishuka kidogo, magoti yalibaki magoti. Dereva wa gari la wagonjwa alipoleta utani wake, siku moja hakumpa kicheko, alimtazama tu, na dereva akaanza kujieleza mwenyewe, akajichanganya, akaenda zake.

Kisha ikaja jioni moja ya kawaida, mvua nyepesi nje, nguo zimetandazwa kwenye viti kwa kukosa jua. Hamira alikuwa anakwangua kitu kisichokuwepo mezani kwa ukucha.

"Unajua aliwahi kuigeuza mashine ya kukandia unga?"

Mke hakuuliza nani. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuanza sentensi ya namna hiyo ndani ya nyumba. Akageuza nguo moja kitini taratibu, asije akaifukuza.

Basi mashine ile ilikuwa imekufa, Hamira akasema, fundi wao hapatikani, naye akamwita binti kwa siri, mwaka wake wa kwanza wa mafunzo. Alikuja na bisibisi zake, amevimba kichwa kama mhandisi mkuu. Akafungua, akafunga, akawaambia watu wasogee. Alipowasha, mashine ikazunguka kinyumenyume, ikatapika donge zima la unga, likampata msimamizi kifuani, shati jeupe, tai, amejiandaa kwenda kwenye kikao.

"Hukuniambia," mke akasema.

"Aliniapisha. Alisema mama akijua atamkataza umeme."

Angemkataza, kweli. Mke alijiona akimkataza, akaisikia sauti yake mwenyewe ikipaa, na ile ya mtoto ikimjibu, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Hamira akacheka. Halafu wakalia, kila mmoja upande wake, kisha upande mmoja, na nguo zilizotandazwa zikawa hapo karibu kwa kufutia uso.

"Msimamizi akasema nini?" mke akauliza, huku bado anajifuta.

"Subiri, sijafika huko," akasema Hamira, akavuta kiti, akaanza upya tangu mlangoni, kwa kuwa alisahau kumwambia siku ile mtoto alikuwa amevaa nini.