Wateja Wasiogeuka

Mtaani walimwita Mama Godoro, naye hakuona haya. Nusu ya umri wake aliumaliza nyuma ya cherehani ya kiwanda akishona makava ya magodoro, hata akienda kwa watu hukagua mshono wa godoro kabla ya kumjulia hali mgonjwa aliyelilalia.

Mashine mpya ilipowasili, wafanyakazi waliitwa uani wakashukuriwa sana. Papo hapo akajua mambo yameharibika, kwani pale kiwandani walikuwa hawajawahi kushukuriwa.

Akaanza kusaka kazi. Duka la sare za shule likamwambia linataka damu changa. Hoteli ikamwambia arudi Jumatatu. Aliporudi, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mpwa wa meneja. Mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, kila jioni aliuliza, "Vipi?" naye akajibu, "Bado." Mwishowe wakawa wanatazamana tu.

Hatimaye akaona kibao getini: Mshonaji anatakiwa. Alipoingia akakuta majeneza yameegemezwa ukutani kama watu waliochoshwa na foleni. Mwenye karakana, seremala mwenye penseli sikioni, akampima kwa macho. Huenda yalikuwa mazoea tu.

"Unaogopa maiti, mama?"

"Naogopa walio hai. Maiti hajawahi kunipunguza kazini."

Seremala akampa sponji, satini na jeneza tupu. Mama Godoro akashona bitana, akaipachika, akaibonyeza kwa kiganja. Kisha mazoea yakamponza: "Wateja hulalia zaidi upande gani?"

"Wangu hawageuki," akasema seremala. "Njoo kesho."

Jioni mumewe aliacha kutafuna. "Majeneza?"

"Majeneza."

"Kazi ipo ya kutosha?"

"Haijawahi kukosekana."

Aliyepiga kelele ni wifi yake. Alisema mkosi utaingia nyumbani kwa kaka yake, akaapa hatakunywa hata maji pale. Mama Godoro aliendelea kumwekea glasi mezani kila alipokuja. Wifi akawa anakaa na kiu yake.

Jumamosi moja akaja mwanamke kijana kumchagulia marehemu mama yake jeneza. Hakuuliza habari za mbao wala vishikio. Aliingiza mkono ndani, akabonyeza mahali pa kichwa.

"Shingo ilikuwa inamsumbua," akasema, kisha akaona aibu. "Najua haisaidii kitu sasa."

Mama Godoro hakumbishia. Alifumua mshono, akaongeza sponji kwenye shingo, akaitengeneza kama mto, akashona upya bila haraka.

"Haya, bonyeza."

Yule binti akabonyeza. Akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Seremala akakumbuka ghafla kwamba nje kuna mbao za kupanga.

Kesho yake kazini, cherehani ya Mama Godoro ilikuwa imetolewa kwenye kona ya giza na kuwekwa dirishani. Seremala alikuwa amejiinamia akipiga randa. Mama Godoro alivuta kiti, akatunga uzi.