Nilivyopeleka Tromboni Molo Kuangusha Kuta za Yeriko

Nilikwenda Molo kwa sababu ya barua ya Mwalimu Zakayo, aliyenifundisha kusoma na ambaye sasa aliongoza kwaya ya wafanyakazi wa mashamba ya pareto. Kwaya hiyo ilikuwa na wimbo mrefu wa kuta za Yeriko, uliotungwa na mmisionari aliyekwisha kurudi kwao. Tangu aondoke haukuwahi kuimbwa hadi mwisho, maana mwishoni unataka tromboni, tarumbeta lile la kuvuta na kusukuma. Mwenye nayo waliyemjua ni mimi tu, mpigaji wa bendi ya densi mjini Nakuru. "Wazee wa kanisa wamekubali tromboni iingie kanisani mara hii moja," aliandika. "Tukiharibu, wimbo utafungiwa kabatini."

Jumamosi asubuhi, stesheni ya Nakuru. Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, na askari hakuupenda urefu wa sanduku langu.

"Fungua. Hiyo ni bunduki?"

"Ni ya muziki, afande."

"Basi piga tuone."

Nikapiga. Mama mmoja akacheza na kuku wake mkononi, na askari akaniharakisha nipande asije akacheka mbele ya watu.

Baada ya Njoro baridi ilianza kuingia madirishani. Kufika Elburgon nilikuwa nimevaa mashati yangu yote mawili. Molo ilinipokea kwa ukungu na kwa Mwalimu Zakayo, mvi tupu, lakini bado akitembea mbio kama aliyesikia kengele.

Saa nane mchana, mazoezi kanisani. Hapakuwa na kinanda. Mwalimu alitoa "do" kooni mwake na kwaya ikaipokea. Mimi nilikaa nikihesabu kimya changu, vipimo mia na ishirini vya wimbo kabla ya zamu yangu. Sikusikiliza, nilihesabu. Zamu ilipofika niliingia kwa nguvu, sawasawa na karatasi ya noti, na ikawa kama ng'ombe ameingia jikoni. Kwaya ikanyamaza. Kumbe sauti zao zilikuwa zikishuka kidogo kidogo wimbo mzima, mbali na ile "do" ya mwanzo.

"Mmeshuka," nilisema, kwa kiburi cha mtu wa mjini.

"Sisi huwa tunashuka," akajibu Mama Rebeka, mke wa Mwalimu, aliyeongoza sauti ya kwanza. "Wewe ndio mgeni. Si utufuate?"

Mzee Koros, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikuwa amesimama mlangoni. "Niliwaambia hiyo kitu ni ya densi," alisema, akaenda zake. Mwalimu alikunja karatasi zake polepole bila kunilaumu. Niliona aibu, na lau angenigombeza ningejisikia nafuu.

Jioni, nyumbani kwa Mwalimu, nilikula viazi nikamwomba Mama Rebeka aimbe huku akiosha sufuria. Tromboni haina vitufe vya kukuambia sauti iko wapi; mkono wenyewe ndio unaotafuta. Alishuka makusudi, akanicheka, akashuka tena, nami nikamfuata mpaka chai ikapoa.

Jumapili saa nne, kanisa limejaa. Karatasi niliiacha sandukuni. Kwaya iliogopa, na kwa woga ikashuka kuliko jana. Nilimsikiliza Mama Rebeka peke yake. Zamu yangu ilipofika nilisukuma mkono mbele kupita pale palipoandikwa, nikapuliza, na sauti ikaketi katikati ya zao. Mwalimu aliendelea kuongoza huku machozi yakimtoka. Kuta zilipoanguka watu wote walisimama, isipokuwa Mzee Koros.

Tukangoja. Akainuka kwa fimbo yake.

"Hiyo ukuta imeanguka vizuri," alisema. "Lakini mwanzo sikusikia, nilikuwa na hasira. Rudieni yote."

Jumatatu nilirudi nikiwa nimevimba midomo, mwenye furaha tele. Kwa miaka mingi nilidhani kupiga sawa ni kufuata karatasi. Molo ilinifunza kwanza kuwatafuta wenzangu walipo. Mzee Koros alinibebea sanduku mwenyewe hadi stesheni, akakataa katakata nilishike, akanipitishia dirishani.

"Pasaka uje nayo," alisema. "Sisi tutashuka tu. Wewe utatukuta hukohuko."