Nithibitishwe Sijiwezi Ndipo Nipewe Mguu

Wasomaji wa ukurasa huu, mhariri ameahidi kulificha jina langu, na afadhali, kwa sababu likitajwa nusu yenu mtasema, "Kumbe ni yule!" Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, nina mke na watoto watatu, nakaa si mbali na Sosiot. Shule niliachia darasa la sita lakini barabara ilinimalizia masomo. Nilikuwa turniboi wa lori, msaidizi wa dereva, Mombasa naijua, Kampala naijua, na kwa lugha saba natukana bila kukwama. Miaka miwili iliyopita jeki iliteleza tukibadilisha gurudumu, lori likanilalia, na hospitalini wakaukata mguu wa kulia chini ya goti. Nikarudi nyumbani kwa shamba la chai nililoachiwa na marehemu baba.

Msinihurumie bado. Nachuma na gongo kwapani na kikapu mgongoni, na chai yangu imelala sawa kama meza. Ya kaka yangu mkubwa, mwenye miguu miwili mizima, imekuwa msitu wa kufugia nyoka. Lakini kwapa langu limechubuka mpaka linatoa maji, na mvua ikinyesha ule mteremko wa shamba unateleza kama umepakwa sabuni. Wiki jana nilibingirika na kikapu mpaka karibu na mto. Mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliyeniinua. Nilicheka ili asilie. Akalia tu.

Ndipo tukasikia kwamba ofisi ya ustawi wa jamii kule Kericho itapima walemavu na kuwapa miguu ya bandia bure. Wanapima siku moja tu, halafu mpaka mwaka ujao. Wanataka picha, karatasi ya daktari, barua ya naibu wa chifu, na mtu wa familia wa kushuhudia.

Naibu wa chifu wetu, mtu mwenye tumbo la kutangulia mlangoni, alinitazama kama ng'ombe wa mnada. "Barua lazima iseme hujiwezi kabisa," akasema. "Bila hilo neno wanairudisha."

"Mzee, nimekuja hapa kwa mguu mmoja kutoka ng'ambo ya mto. Asiyejiweza ni nani?"

"Unataka mguu ama unataka kubishana?"

Kaka yangu, aliyekuja kuwa shahidi, akaruka kama aliyekalia siafu. "Andika, mzee! Andika hawezi kutunza hata shamba, mimi ndiye namtunza." Eti ananitunza mimi! Mtu ambaye watoto wake wanakula ugali kwangu siku nne kwa wiki, na sijawahi kuwanyima, wala sitawanyima. Akaomba barua ipigwe na kaboni, apate nakala yake. Sikuuliza ya nini. Mimi mjanja wa Kampala sikuuliza!

Jioni kaka akaja kunifundisha umaskini. "Usinyoe ndevu. Hiyo koti acha nyumbani. Na usicheke, wewe ukicheka unaonekana mzima. Wakikuuliza kama unachuma chai, utasema nini?"

"Nachuma kuliko wewe."

"Mjinga! Sema huwezi kushika hata jani. Haya, sema."

Nimedanganya polisi wa barabarani tangu Mombasa mpaka Malaba bila kutoa jasho, lakini kutamka "sijiwezi" mbele ya mke wangu, ulimi ulikataa. Yeye alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

Kesho yake mke wangu alipeleka majani kituo cha kununulia chai. Akamkuta kaka yangu amesimama kwa karani na ile nakala, anauliza namba yangu ya mkulima, ile ya kulipiwa chai, inahamishwaje kwa jina lake, kwa sababu mwenyewe "ameshindwa, na chifu anajua." Mke wangu akarudi mbio na tumbo lake, kikapu akakiacha huko.

Nilimwendea kaka yangu kwake. Hakuona hata haya. "Si hujiwezi?" akasema. "Imeandikwa, na muhuri uko. Mimi nakusaidia tu, ndugu yangu. Ukipinga, nitawaambia Kericho uliwadanganya, uone kama utapata huo mguu. Na shahidi wako ni nani kama si mimi?" Kisha akaniuliza kama watoto wake wanaweza kuja kula kwangu. Nikasema waje. Mtoto hachagui baba.

Sasa kipimo ni Jumatatu, wiki mbili zijazo, na barua ninayo. Nikiipeleka, napata mguu, halafu karatasi niliyoikubali mwenyewe ndiyo itakayoninyang'anya chai mbele ya wazee wa ukoo. Nikiichana nisiende, nakala ya kaka inakosa nguvu na chai inabaki yangu, lakini mke wangu akijifungua nitaichuma na nini, kwapa likioza? Naibu wa chifu nimemwomba aandike upya kwamba mguu sina lakini kazi naweza. Amesema hiyo si barua ya mlemavu, hiyo ni ya kuomba kazi.

Nishaurini, nyinyi mliosoma kunishinda: niende niseme sijiwezi, ama nibaki na gongo? Mke wangu nimemuuliza. Amenijibu kwamba yeye hawezi kuniinua tena pale mtoni, na akaingia ndani.