Habari ya Pandu Kwenye Kona ya Chini

Ukimwona Gharib anapita mtaa wa Zhanqian, mjini Guangzhou, China, na furushi la sampuli za jinzi begani, ungemdhania mchuuzi kama wachuuzi wengine. Wapi! Nguo zilikuwa za kumlisha tu. Roho yake ilikuwa kwenye magazeti, na huko ndiko wivu ulikomkuta.

Dar es Salaam alikuwa mwandishi wa habari, meza moja na mwenzake Pandu, miaka mitano. Wakaomba pamoja nafasi ya kusoma Kanada. Pandu akapata, Gharib akakosa. Pandu akamaliza masomo, akaajiriwa na gazeti la mji mdogo karibu na Toronto, na Gharib akamfuata mjomba wake Guangzhou kununua nguo. Basi kila bahasha ya Pandu ikija na vipande vya gazeti, na picha yake ndogo juu ya makala, nyongo ilimpanda Gharib hadi kooni. Picha! Yeye Gharib picha yake ilikuwa kwenye pasipoti peke yake.

Ili asife kwa kijicho, akaanzisha gazeti lake. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, nakala thelathini, anawagawia wafanyabiashara wenzake kutoka nyumbani kila Ijumaa baada ya swala kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina. Watu waliliita Karatasi. Lilisema meli ipi imetia nanga bandari ya Huangpu na duka lipi la soko la nguo la Shisanhang limeshusha bei. Na kona ya chini ilikuwa ya wenye shida: mgonjwa, mfiwa, aliyepotelewa na pasipoti. Kila mtu alianza kusoma hapo. Jina lako likitokea kwenye kona ile, kabla ya alasiri watu wako mlangoni kwako, kila mmoja na alichojaaliwa, hakuna aliyeitwa.

Lakini hata hivyo! Bi Chausiku, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote pale, aliyeviona vile vipande vya Pandu, haachi kumchokonoa. "Mdogo wangu, mwenzako wa Kanada hajambo? Yule ndiye mwandishi, bwana." Gharib anacheka kwa meno, moyo unatokota.

Mwishoni mwa mwaka 1998 ikaja barua nyingine, safari hii bila picha. Kanada mambo yamegeuka, aliandika Pandu. Tajiri mmoja amenunua magazeti chungu nzima, letu likiwemo. Kurasa zetu sasa zinapangwa mji mwingine, na habari moja inachapwa kwenye magazeti kumi. Toronto limezuka gazeti jipya la taifa, wanagombania wasomaji hadi wengine wanapewa gazeti bure, na vijana wanasomea kwenye kompyuta. Wanane tumeachishwa kazi. Usimwambie mtu, ndugu yangu, naona haya.

Gharib aliisoma amesimama, akacheka peke yake. "Astaghfirullah," akasema, kisha akarudia kuisoma tangu mwanzo. Aibu ilimgusa kidogo, nayo furaha ikaifukuza. Mla jana kala nini! Akashika kalamu, akaandika kwamba Pandu wa Kanada kaachishwa kazi. Na akaiweka wapi? Kona ya chini, maana alitaka asiwepo hata mmoja wa kuiruka. Uchungu wa roho ulimsahaulisha kona ile ni ya nini.

Ijumaa Karatasi likasomwa mkahawani, macho yote kwenye kona ya chini. Bi Chausiku akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Maskini Pandu! Gharib, Mungu akulipe. Mwenzako kakwama, hukumficha."

"Mimi nilikuwa..."

"Aje huku. Laoban wangu, yule tajiri wa kiwanda cha jinzi, atamtolea barua ya mwaliko, viza ataipata. Mtu wa kalamu kama yule tumwache apotee?"

"Na Karatasi apewe yeye," akadakia Rahim, wakala wa mizigo bandarini. "Gharib apumzike, anateseka mno na mabelo ya nguo."

Wote wakaitikia: ndiyo, ndiyo, apumzike. Gharib akazikunja nakala zilizobaki. Aseme nini? Aseme habari ile aliiandika ili wamcheke Pandu? Mchimba kisima alikuwa ameshaingia, na watu wanamwagia shukrani.

"Barua iandike wewe," akasema Bi Chausiku, "Kiingereza unakijua. Laoban atagonga muhuri tu."

"Inshallah, dada."

Alikusudia kuandika mistari miwili mikavu. Lakini mwenye wivu humjua mtu kuliko mama aliyemzaa. Gharib alikuwa na kila sifa ya Pandu moyoni, inamchoma miaka yote: siku mbili Pandu alizokaa kwenye lango la hospitali hadi akaambiwa ukweli, makala aliyoichana mwenyewe, ikiwa tayari kwenda mtamboni, alipogundua amemwonea mtu. Alipoanza hakuweza kuacha. Alipomaliza akaenda nayo mkahawani, akawasomea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi.

Hakuna aliyegusa tambi. Bi Chausiku akamkodolea macho kama anamwona leo.

"Gharib! Kumbe kuandika unajua? Mbona miaka miwili hii hukutuandikia hivi hata siku moja?"

Watu wakacheka. Bi Chausiku akaichukua ile barua mikononi mwa Gharib, akaitia mkobani, akaenda kwa laoban kugongesha muhuri.