Mota Mbili na Bega la Mzee Wangu

Mume wangu anabeba mayai. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu wanajua pia kwamba hatembei. Miguu yake ilikataa kazi akiwa na miaka minne, na polio haikurudi kuomba msamaha. Anayabeba kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, kutoka upande wa Uganda hadi kibanda changu sokoni Busia. Trei thelathini kwa safari moja, zimefungwa kwa mipira nyuma ya kiti chake. Yeye abebe, mimi niuze. Wenzake wako wengi pale mpakani, kundi zima la watu wa magurudumu matatu, wanavusha sabuni, unga, mafuta ya kupikia, kila kitu. Hakuna anayewaonea huruma. Ukisimama njiani kuwaonea huruma, watakukanyaga vidole.

Sasa, bega lake la kulia likaanza kumsumbua. Kwanza alisema ni baridi. Halafu akasema ni mto wa kulalia. Mimi nikasema ni uongo, twende hospitali. Daktari akalishika, akaliinua, akalisikiliza likilia ndani kama mlango wa zamani, akamwambia, "Mzee, ukiendelea kuzungusha hivi, hili bega litakuacha vile miguu ilikuacha."

Alirudi nyumbani akanyamaza siku tatu. Na huyu ni mtu anayebishana na redio! Mtangazaji akisema leo kutanyesha, yeye anamjibu. Siku tatu hakumjibu mtu. Niliogopa, haki ya Mungu. Mimi siogopi kanjo wa kudai ushuru, siogopi madeni, siogopi hata wale wanawake wa nyanya wanaonipigania nafasi kila Jumatatu, lakini niliogopa ule ukimya. Aliwahi kuniambia kwamba mwanaume wa kukaa kwenye kiti mlangoni, anahesabu kuku wa jirani, huyo hatakuwa yeye. Nilijua bega likiisha, na yeye ataisha.

Mwenzake mmoja wa mpakani ndiye aliyetuambia habari za fundi wa Malaba anayefunga mota za umeme kwenye baiskeli. Tukapakia baiskeli kwenye pikapu ya watu wa vitunguu, tukaenda.

Fundi huyo alikuwa Mteso kwa kabila, mwembamba, wa miaka kama arobaini, mwenye maneno mengi, na karakana yake ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, pale ambapo trela husimama foleni kungoja kuvuka. Alikuwa na mota mbili juu ya meza. Zote ni za kukaa katikati ya gurudumu, pale spoki zinapokutana. Moja ilikuwa kubwa na pana kama sufuria ya ugali wa harusi. Nyingine ndogo, unaweza kuifunika kwa sahani ya chai.

"Hii kubwa," fundi akasema, "ndani hakuna gia. Ni sumaku na nyaya tu. Haina kitu cha kukatika, haipigi kelele, na mbio zake, mzee, boda ya petroli itakula vumbi lako. Hii ndogo ina gia ndani, meno madogo madogo. Mbio zake za kawaida. Lakini ina nguvu ya kuvuta."

"Na hayo meno yakiisha?" nikauliza.

"Mama mayai, hata yako yataisha."

Nikampenda papo hapo, lakini sikumwonyesha.

Akafunga ile kubwa kwenye gurudumu, akaliinua hewani, akaongeza moto. Gurudumu likazunguka mpaka spoki zikapotea, na upepo wake ukanipeperusha leso. Nikamtazama mzee wangu. Macho yake yalikuwa yamekaa vile yalivyokaa siku aliponitongoza, na siku ile pia hakusikia ushauri wa mtu.

"Fundi," nikasema, "hata mimi ukiniinua hewani nitarusha miguu vizuri. Iweke chini na mayai juu yake, ndio tujue."

Akiba yetu ilitosha mota moja tu. Fundi naye alitaka kazi yake ionekane pale mpakani Busia, mbele ya lile kundi zima. Kwa hiyo tukakubaliana: wiki moja na ndogo, wiki moja na kubwa, halafu tuchague. Itakayobaki, alikuwa na mteja anayeingoja.

Tukaanza na ndogo. Kusema kweli inalia, inalia kama mbu aliyeingia kwenye chandarua. Lakini kuna mwinuko pale ukitoka mpakani kwenda sokoni. Ukitembea kwa miguu huwezi kuuona, lakini mwulize mtu wa mikono, atakuambia unaanzia kwa jiwe gani. Miaka yote mimi hufunga kibanda nikaenda kumsukuma pale. Wiki ile sikwenda. Nilisikia tu "nzziiii," nikainua macho, naye huyo, trei thelathini mgongoni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine anakula ndizi. Wanawake wa nyanya wakapiga vigelegele. Mganda mmoja wa kuuza mitumba akapiga kelele, "Banange! Mzee amekuwa gari!"

Siku ya Alhamisi betri ikamwishia njiani. Akazungusha kwa mikono kama zamani, na gurudumu likaenda lenyewe bila kumkaba, kwa sababu ile ndogo ukiizima inaachia. Akafika amechelewa kidogo tu, bega halijambo.

"Unaonaje?" nikamwuliza jioni.

"Ni nzuri," akasema. Alisema vile mtu husema uji usio na sukari ni mzuri.

Jumamosi fundi akaja Busia na ile kubwa, akabadilisha. Mayi! Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Jumapili baada ya kanisa mzee wangu akaniambia nipande nyuma, kwenye nafasi ya mayai. Nikapanda na nguo yangu ya kanisa, mjinga mimi. Tukatoka na lami ya kwenda Busibwabo, magari machache, na akaongeza moto. Haikulia hata kidogo. Nilisikia upepo tu, na sauti yangu mwenyewe ikimwita Yesu. Kilemba kikaenda zake. Tukapita boda moja ya pikipiki, na yule kijana aligeuka kututazama mpaka karibu aingie kwenye mahindi ya watu. Nilimfinya mzee mgongoni, nikamtukana, nikamwambia nitarudi kwetu Butula siku hiyo hiyo.

Naye alikuwa anacheka. Tumekaa miaka kumi na tisa, na kicheko kile sikuwa nimewahi kukisikia. Kilitoka tumboni chini kabisa. Kilinikasirisha, halafu kikanifurahisha, halafu nikakasirika tena kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuichukia hiyo mota.

Jumatatu ikanipa sababu. Pale mpakani hakuna mbio. Unasogea hatua mbili, unasimama, lori linapita, unasogea, askari anainua mkono, unasimama. Na ile sumaku haipendi kusogezwa polepole na mzigo mzito, inachemka. Saa sita mchana mzee alikuwa amefika chini ya mwinuko, na mota ikakata. Nikakimbia kwenda kumsukuma. Nikaweka kiganja pale katikati ya gurudumu nikakitoa upesi, nimewahi kupikia chapati kwenye chuma kisicho na moto hivyo. Na kabla sijafika alikuwa amejaribu kuzungusha kwa mikono. Ile kubwa haiachii. Hata ikiwa imezimwa, sumaku zinashika, ni kama mtu amekaa mbele anakurudisha nyuma. Usiku ule alishindwa kuinua kikombe kwa mkono wa kulia. Nilimwona akikibadilisha mkono taratibu, akidhani sioni.

Nikawaka. "Hiyo mota ni tajiri wa lami na maskini wa kilima! Wewe kazi yako ni kilima! Inachemka, inakukaba, inakula betri, na wewe unaichekea! Haraka haraka haina baraka, wacha nikukumbushe!"

Akaweka kikombe chini.

"Hiyo usiniambie," akasema. "Hiyo methali nimeambiwa tangu utoto, na kila aliyeniambia alikuwa na miguu. Pole pole, mzee. Taratibu, mzee. Kwani mimi nilishawahi kuharakisha wapi?" Akakisogeza kikombe kando. "Mama, mimi sijawahi kukimbia. Wewe ulikimbia ukiwa msichana, ukachoka, ukaacha. Mimi hata huko kuchoka sikujui."

Mimi ni mtu wa majibu. Ukinipa neno moja nakurudishia matatu na chenji. Usiku ule nilichukua kile kikombe nikaenda kukiosha. Nilikuwa nimepima kila kitu cha hizo mota, joto na betri na kilima, na hilo sikuwa nimelipima.

Wiki ikaisha hivyo hivyo. Siku tatu zilizobaki nilimsukuma mwinuko kila safari. Wenzake wa mpakani waligawanyika. Wengine walisema ndogo, wengine kubwa, na mmoja akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mzee wangu akamjibu, "Mimi nilianza na guu, sasa nangoja huyo mkuu." Wakacheka wote, lakini mimi nilijua hajaamua, au ameamua na ananificha.

Ijumaa tukarudi Malaba. Njia nzima kwenye pikapu niliomba Mungu kimya kimya, tena bila adabu. Nilimwambia, Baba, akichagua kubwa bega linaondoka, akichagua ndogo na kile kicheko kinaondoka, sasa wewe unataka nikuombe nini?

Kubwa bado ilikuwa kwenye baiskeli, na fundi alikuwa ameshaileta ile ndogo kutoka ndani, ameipangusa, ameiweka mezani na spana kando yake. "Haya mzee," akasema. "Ipi inaenda na ipi inabaki? Nikishaifunga nimeifunga, mteja wangu anakuja saa nane kuchukua nyingine."

Mzee wangu akatazama barabara. Foleni ya trela ilikuwa ndefu siku hiyo, haina mwisho, na upande wa pili wa lami ulikuwa mtupu. Madereva walikuwa wamekaa chini ya trela zao wakichemsha chai.

"Betri imejaa?" akauliza.

"Imejaa."

"Nipe dakika chache."

"Nakuja na wewe," nikasema, nikashika nyuma ya kiti kama kawaida.

Akaongeza moto.

Kiti kikanitoka mkononi. Nikaanza kumfuata kwa haraka, halafu nikakimbia. Mimi, mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, nikavua ndala nikazishika mkononi nikakimbia kwenye lami ya Malaba nikiita, "Wee mzee! Wee!" Madereva wakatoka chini ya trela. Mmoja akapiga honi, na wa mbele yake akapiga, na honi zikaenda zikifuatana foleni nzima kama watu wanaopokezana habari. "Pita, mzee! Pita!" Yeye alikuwa ameinama mbele, shati limejaa upepo. Akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, barabara ikakata kona, na sikumwona tena.

Nikasimama. Mbavu zilinichoma. Watu hawajui jinsi mimi hutembea haraka. Dada zangu hulalamika hadi leo. Ila tangu aliponioa nimejifunza kupunguza hatua, ili tuwe sambamba, ili yeye asijue ninapunguza. Ile "ukaacha" yake ya usiku ule, kumbe siku zote alijua. Na hii ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu mume wangu kuniacha nyuma. Nilisimama pale na ndala mkononi, nalia na kucheka, na mpishi mmoja wa chai akaniuliza, "Mama, amekuibia?" Nikamwambia ndiyo.

Alikaa sana. Nilirudi karakana nikakaa kwenye tairi kuukuu, nikaacha kucheka, nikaanza kuwaza lori, shimo, ng'ombe. Fundi akanipa maji. Nikayashika tu.

Halafu honi zikaanza tena, kutoka mbali, zikija upande wetu. Akatokea. Mataniboi wawili, wasaidizi wa madereva wa trela, walikuwa wanamsukuma, wametoka jasho, na yeye ameketi katikati yao kama chifu, amepakwa vumbi hadi kwenye nyusi. Betri ilikuwa imekwisha yote.

"Mzee, ungeniua," nikasema.

Alinitazama, leso imedondoka njiani, nywele zangu wazi, miguu mitupu imejaa vumbi.

"Na wewe mbona huna ndala?"

"Si nilikuwa nakukimbiza!"

"Kwa miguu yako yote miwili?"

"Yote miwili."

"Ukanifikia?"

"Sikukufikia."

Akamgeukia fundi, uso wake umefunguka wote.

"Umesikia? Hakunifikia," akasema. "Sasa nifungie hiyo ndogo."